Kwa nini mpiga kura anamrudia mwanasiasa wa mrengo mkali wa kulia hata ahadi ikivunjika mbele ya macho yake?

Kalamu Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ukipita uchaguzi wa Marekani au Ulaya, mjadala huishia kwenye kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema wapiga kura wa Trump, Marine Le Pen wa Ufaransa, chama cha AfD cha Ujerumani na wenzao ni wabaguzi tu, mjadala umefungwa. Ya pili inasema ni watu wenye njaa: wape ajira, watatulia. Zote zina ukweli ndani yake, na zote zinaishiwa pumzi mapema. Nitaandika kwa urefu, mwenye haraka zake apite tu.

Tuanze na Youngstown, Ohio. Huu ulikuwa mji wa chuma. Tarehe 19 Septemba 1977 kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kukifunga kiwanda chake kikubwa, watu wapatao 5,000 wakakosa kazi, na wenyeji mpaka leo wanaiita siku hiyo Jumatatu Nyeusi. Viwanda vingine vikafuata. Kama njaa peke yake ndiyo inayompeleka mtu kulia, kaunti hiyo, Mahoning, ilitakiwa ihamie Republican miaka ile ile ya 1980. Haikuhama. Tangu ilipompa ushindi Nixon mwaka 1972, haikumpa tena mgombea urais wa Republican hadi alipokuja Trump mwaka 2020. Zaidi ya miaka 40 baada ya kiwanda kufungwa!

Na bado sijafika penyewe. Julai 2017 Trump alikwenda Youngstown akawaambia watu kwamba ajira zote zinarudi, wasihame, wasiuze nyumba zao. Jirani tu, Lordstown, kulikuwa na kiwanda cha magari cha General Motors. Novemba 2018 kampuni ikatangaza kusitisha uzalishaji pale, na Machi 2019 gari la mwisho likatoka. Yaani ahadi imevunjika na kila mtu ameona. Kwa hesabu za kawaida za siasa, hapo mtu anaadhibiwa. Yeye mwaka uliofuata akapata kura nyingi kuliko za 2016 na kuichukua kaunti ambayo mara ya kwanza ilimponyoka.

Kwa hiyo hawa watu hawanunui ahadi. Wanatafuta mtu wa kusimama upande wao dhidi ya fulani. Swali la maana ni nani aliyewafundisha huyo "fulani" ni nani.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na chama cha wafanyakazi. Ofisi ya chama haikuwa mahali pa kudai mishahara tu. Ndipo watu walipokutana jioni, ndipo walipoelezwa kwamba anayewaumiza ni mwenye kiwanda na kwamba Democrats ndio wenzao. Miaka ya 1950 takriban theluthi moja ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa kwenye vyama. Leo katika sekta binafsi ni kama asilimia 6. Kiwanda kinapokufa, ofisi ya chama nayo inafungwa, na mtu anabaki na hasira yake bila maelezo. Maelezo mapya yakaja kwa redio, kwa televisheni, kwa simu: anayekuumiza ni ofisa wa Washington, ni mwandishi wa habari, ni profesa, ni mhamiaji. Hasira ni ile ile, imebadilishiwa anwani.

La pili ni vyama vyenyewe. Nani alitia saini sheria ya kuutekeleza NAFTA, mkataba wa biashara huria wa Marekani, Canada na Mexico, ulioandaliwa na kusainiwa na Bush mzee na kuanza kazi tarehe 1 Januari 1994? Bill Clinton, Democrat. Nani alitia saini sheria ya mwaka 2000 ya kuipa China uhusiano wa kudumu wa biashara? Yeye yule, kwa kura za vyama vyote viwili. China ikaingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001. Ajira za viwandani Marekani zilikuwa zaidi ya milioni 17 mwaka 2000, zikashuka hadi kama milioni 11.5 mwaka 2010. Mashine zilichangia, na mdororo wa 2008 ulichangia, ila wachumi waliofuatilia jambo hili wanakadiria kuwa takriban ajira milioni 2 hivi zilikwenda kwa sababu ya bidhaa za China.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mpiga kura. Juu ya uchumi, chama chako na chama cha mpinzani wanasema kitu kimoja. Wanatofautiana kwenye nini basi? Uhamiaji, dini, bendera, utoaji mimba, bunduki. Mtu aliyekuwa mjamaa kwenye mkate na mhafidhina kwenye mila alikuwa akipiga kura kwa mkate, kwa sababu mkate ndio uliokuwa mezani. Ukiondolewa mezani, anapiga kura kwa mila. Tony Blair wa chama cha Labour alifanya hivyo Uingereza. Schröder wa chama cha SPD alifanya Ujerumani na mageuzi yake ya Agenda 2010 yaliyokata mafao ya wasio na kazi. Kwa hiyo ninaposikia kwamba wafanyakazi "wamehamia kulia", nauliza nani alianza kuhama.

Nakaribisha mawe.

---

Jicho la Tatu

Naweka kambi hapa.

---

Mwanamsitu

Mkuu Kalamu, umeandika vizuri lakini umepita pembeni ya tembo na hukumgusa.

Weusi wa Youngstown na Detroit walifanya kazi kwenye viwanda hivyo hivyo, wakafukuzwa siku hiyo hiyo, vyama vyao vya wafanyakazi vikafa hivyo hivyo. Mbona mwaka 2016 wao hawakwenda kwa Trump? Na takwimu za siku ya uchaguzi zilionyesha wenye kipato cha chini ya dola 50,000 kwa mwaka walimpa Hillary kura zaidi. Maskini wa kweli hakuwa mtu wa Trump. Hivyo hii hadithi ya kiwanda ni nzuri kuisimulia, lakini inawasafisha watu ambao kilichowauma ni kuona mtu mweusi Ikulu kwa miaka minane.

---

Kalamu Kavu

Mkuu Mwanamsitu, sipingi kwamba rangi imo. Mgombea aliyejijengea jina la kisiasa kwa kudai Obama hakuzaliwa Marekani hawezi kutenganishwa na hilo.

Ila angalia mambo mawili. Zipo kaunti zaidi ya 200 zilizompa Obama ushindi 2008 na 2012, halafu zikampa Trump 2016. Ubaguzi upo, lakini kuna kilichoufanya uamue kura mwaka ule na usiamue miaka ile mingine. La pili, Starr County, Texas, mpakani na Mexico: karibu wakazi wote ni Walatino, na mwaka 2024 ilimchagua Trump, Republican wa kwanza kushinda pale kwa zaidi ya miaka 100. Watu hao hawaogopi kuona Mlatino mtaani, maana ni wao.

Kuhusu kipato uko sahihi, na inanisaidia mimi. Asiyekuwa nacho kabisa mara nyingi hata kituoni haendi. Anayevutwa ni yule aliyekuwa na nafasi na anaona inamponyoka. Fundi mwenye kijiduka chake katika mji unaokwisha. Kipato chake si kibaya, lakini mtaa wake umekufa, watoto wameondoka, bei ya nyumba yake imeporomoka. Taasisi ya Brookings ilikokotoa baada ya 2016 kwamba kaunti alizoshinda Hillary, ambazo hazikufika 500, zilizalisha asilimia 64 ya pato la taifa. Zile zaidi ya 2,500 za Trump ziligawana iliyobaki. Ukimpima mtu mmoja mmoja huoni kitu, ukipima mahali anapoishi unaona kila kitu.

---

Bi Tausi

Jamani mnazungumzia Marekani kana kwamba ndiyo dunia nzima.

Niwapeleke Boston, na si ile ya Marekani: Boston ya Lincolnshire, Uingereza. Kwenye kura ya Brexit ya tarehe 23 Juni 2016, asilimia 75.6 pale walichagua kutoka Umoja wa Ulaya, kiwango cha juu kuliko pote. Kitaifa ilikuwa 51.9 kwa 48.1. London, yenye wageni wengi kupindukia, ilichagua kubaki. Wengi wakacheka: mbona wenye wageni hawaogopi wageni?

Kinachowasumbua watu ni kasi. Mwaka 2004 nchi nane za Ulaya Mashariki zilipoingia Umoja wa Ulaya pamoja na Malta na Cyprus, karibu nchi zote za zamani ziliweka kizuizi cha muda kwenye soko la ajira. Uingereza, Ireland na Sweden hazikuweka. Makadirio yaliyoagizwa na serikali ya Uingereza yalisema watakuja kati ya watu 5,000 na 13,000 kwa mwaka. Walikuja mara nyingi zaidi ya hapo, na wengi walikwenda kwenye mashamba na maghala ya kufungasha mboga, ambako ndiko Boston. Mji mdogo ambao kwa vizazi haukuwa na wageni ukabadilika ndani ya miaka michache, shule na zahanati zikiwa zile zile. Halafu kuanzia 2010 serikali ikaanza kubana matumizi, bajeti za halmashauri zikakatwa. Mtu anasimama foleni ndefu zahanati, anatazama nyuso za foleni, anahitimisha. Aliyekata bajeti hayumo kwenye foleni ile.

Wala si lazima awe mbaguzi wa kuzaliwa. Aliambiwa namba, namba ikawa uongo, na alipouliza akaambiwa anyamaze.

---

Chongo

Hapo kwenye "anyamaze" ndipo penye mzizi. Aprili 2010, Rochdale, Waziri Mkuu Gordon Brown anazungumza na mama mmoja, mpiga kura wa Labour miaka yote, mama anamuuliza kuhusu wahamiaji. Brown anaingia kwenye gari, kipaza sauti bado kimo kifuani, anamwita mbaguzi. Nchi nzima ikasikia. Kosa hilo huwezi kulifuta kwa sera.

Septemba 2016 Hillary anasema nusu ya wafuasi wa Trump unaweza kuwatia kwenye kapu la watu wa hovyo. Wafuasi hao wakachapisha maneno hayo kwenye fulana na kuyavaa kwa fahari. Septemba 2018 Rais Macron wa Ufaransa anamwambia kijana asiye na kazi kwamba yeye akivuka barabara tu atampatia kazi. Miezi miwili baadaye waandamanaji wa vizibao vya njano wakajaa barabarani.

Mtu anakutukana halafu anakuomba kura. Mimi nisingempa.

---

Mwanamsitu

Chongo, kwa hiyo Trump hatukani watu?

---

Chongo

Anatukana kutwa. Ila hamtukani mfuasi wake, anatukana waliomtukana mfuasi wake. Ndiyo maana kila kashfa yake haimpunguzii kitu kwao. Wakubwa wakipiga kelele, mfuasi anaona kumbe amewapata pabaya.

---

Msomaji Kimya

Huwa sichangii ila leo nimeshindwa kuvumilia. Viwanda, viwanda, viwanda. Brazil mwaka 2018 Bolsonaro alipata asilimia 55 duru ya pili. Mwaka uliotangulia, 2017, watu zaidi ya 60,000 waliuawa nchini humo. Soma tena, elfu sitini kwa mwaka mmoja. Uchunguzi wa rushwa wa Lava Jato, ulioanza 2014, ulikuwa umewafagia vigogo wa vyama karibu vyote, Rais Dilma Rousseff ameondolewa madarakani 2016, uchumi umetoka kwenye mdororo mbaya, na rais wa zamani Lula yuko jela. Mpiga kura anayeogopa kumtuma mtoto dukani hasomi nadharia ya Ulaya. Anamsikia mwanajeshi mstaafu anasema atawapa polisi ruhusa ya kuua, na anasema angalau huyu ameniona. Ongeza makanisa ya kilokole, ambayo yako kila mtaa wa pembezoni ambako serikali haiko.

Na Argentina? Milei alishinda Novemba 2023 kwa karibu asilimia 56, mfumuko wa bei wa mwaka ukiwa umepita asilimia 140. Alipita majukwaani na msumeno wa umeme akisema atakata serikali. Vijana ndio waliombeba. Kijana aliyekua akiona peso inayeyuka mkononi, ukimtisha kwamba Milei ataharibu uchumi anakuuliza upi.

---

Kalamu Kavu

Msomaji Kimya, karibu, na usirudi kwenye ukimya.

Brazil na Argentina hazivunji hoja, zinaipanua. Kiwanda ni mlango mmoja. Mlango mwingine ni mauaji, mwingine ni mfumuko wa bei, mwingine ni mikopo. Hungary ndiyo mfano ninaoupenda kwa sababu mambo yalipangana kwa zamu. Septemba 2006 ilivuja sauti ya Waziri Mkuu Ferenc Gyurcsány, msoshalisti, akiwaambia wabunge wake faraghani kwamba wamedanganya asubuhi, usiku na jioni kuhusu hali ya nchi. Kisha ukaja mtikisiko wa 2008. Familia nyingi zilikuwa zimekopa nyumba kwa faranga za Uswisi kwa sababu riba ilikuwa ndogo, forint ikaporomoka, marejesho yakapanda ghafla. Mwaka 2010 Viktor Orbán, wa mrengo wa kulia, akachukua theluthi mbili ya bunge. Huyo hakuwa mgeni, alishakuwa waziri mkuu 1998 hadi 2002. Alisubiri wengine wajimalize.

Wachumi watatu wa Ujerumani waliwahi kupitia chaguzi zaidi ya 800 katika nchi 20 tangu mwaka 1870. Walikuta kwamba baada ya mtikisiko wa mabenki kura za mrengo mkali wa kulia hupanda kwa wastani wa theluthi hivi, na mdororo wa kawaida hauleti kishindo hicho. Nadhani ni kwa sababu mdororo wa kawaida hauna mkosaji. Benki ikianguka mkosaji yupo, anafahamika, na anaokolewa kwa kodi yako.

---

Bi Tausi

Na Ujerumani Mashariki? AfD ilianzishwa 2013 na maprofesa wa uchumi wasiopenda euro, ikageuka chama cha kupinga wahamiaji baada ya wimbi la waomba hifadhi la 2015. Septemba 2024 ilishika nafasi ya kwanza katika jimbo la mashariki la Thuringia kwa karibu asilimia 33. Thuringia ina wageni wachache kuliko majimbo ya magharibi. Hoja yangu ya kasi hapo inakwama, nakiri kwa shingo upande 😄

---

Kalamu Kavu

Bi Tausi, pale kidonda ni cha 1990, Ujerumani mbili zilipoungana. Shirika la Treuhand lilikabidhiwa kampuni zaidi ya 8,000 za iliyokuwa Ujerumani Mashariki, zenye wafanyakazi kama milioni 4, lizibinafsishe au lizifunge. Lilimaliza kazi ndani ya miaka minne hivi. Vijana, hasa wasichana, wakahamia magharibi. Aliyebaki alishuhudia viongozi, majaji na wakurugenzi wakiletwa kutoka upande wa pili. Mhamiaji wa 2015 alipofika, mtu huyu alikuwa ameshajiona mgeni kwake miaka 25. Kilichomchoma ni kuona pesa ya kuwapokea waliofika imepatikana wiki ile ile, wakati yeye aliambiwa haipo.

Ila mtu asidhani ni mashariki tu. Februari 2025 AfD ilipata asilimia 20.8 nchi nzima, na Gelsenkirchen, mji wa makaa ya mawe wa magharibi, ngome ya miaka yote ya SPD, ikaongoza kwa kura za vyama. Ufaransa walitangulia: Hénin-Beaumont, mji wa wachimba makaa, ulikuwa wa wasoshalisti mpaka meya wao akakamatwa 2009 na baadaye kuhukumiwa kwa ubadhirifu. Mwaka 2014 chama cha Le Pen kikachukua mji duru ya kwanza. Meya mpya, Steeve Briois, alikuwa mtoto wa pale pale. Watu walimjua kwa sura kabla ya kumjua kwa sera.

---

Jicho la Tatu

Nimetoka kambini. Wakuu, mnaongea kana kwamba hawa jamaa hawatekelezi chochote. PiS, chama cha kihafidhina cha Poland, kiliingia madarakani 2015, na Aprili 2016 kikaanza kulipa zloty 500 kila mwezi kwa mtoto wa pili na kuendelea. Familia nyingi zikaona kwa mara ya kwanza serikali inawakumbuka. Wapinzani wao wenye digrii walisema fedha hazipo. Zilikuwepo. Mtu wa hivyo ukimweleza habari za mahakama kuingiliwa atakusikiliza kwa adabu, kisha atawapigia kura.

---

Mwanamsitu

Na wakapoteza wingi wao bungeni Oktoba 2023, zaidi ya asilimia 74 ya wapiga kura wakijitokeza. Wanawake hawakusahau uamuzi wa mahakama ya katiba wa 2020 uliokaza sheria ya utoaji mimba mpaka karibu kuifunga kabisa. Zloty 500 ina kikomo.

Kalamu, jibu moja tu nalitaka. Denmark walifanya unavyotaka. Chama cha Social Democrats kikarudi kwa wafanyakazi: uchumi wa kushoto, uhamiaji kwa mkono wa chuma. Chama cha Wananchi cha Denmark, cha mrengo mkali wa kulia, kikatoka asilimia 21 mwaka 2015 hadi chini ya 9 mwaka 2019. Ndiyo dawa yako? Kwamba ili kumshinda mtu wa kulia uchukue sera zake, mwomba hifadhi alipe gharama?

---

Kalamu Kavu

Mkuu, sikusema hivyo, na Denmark yenyewe haikuishia 2019. Aliyekuwa waziri wa uhamiaji pale, Inger Støjberg, alihukumiwa siku 60 Desemba 2021 na mahakama maalumu ya mawaziri kwa kuwatenganisha wanandoa waomba hifadhi kinyume cha sheria. Mwaka uliofuata akaanzisha chama chake, Wanademokrasia wa Denmark, kikapata asilimia 8 kwenye uchaguzi wake wa kwanza, na nguvu yake kubwa ikatoka Jutland, mbali na Copenhagen. Kwa hiyo Frederiksen, kiongozi wa Social Democrats aliyeingia uwaziri mkuu 2019, alichukua sera na akapata serikali, lakini wengi wa wale wapiga kura wa kulia hakuwapata. Walikuwa wanasubiri mtu mwingine wa kwao.